Mkungu wa Upatanisho

Isakwisa alikuwa na kaka mmoja tu duniani, na alikuwa akiomba afe.

Tena aliomba kanisani, amefumba macho na kuinamisha kichwa, mchungaji akidhani ni ibada. Watu wa kijiji cha Kyimo walimjua kama mtu mpole, mfupi, mwenye mgongo wa kubeba mizigo na mdomo usiopenda maneno mengi. Hawakujua kwamba ndani ya upole ule kulikuwa na kaa la moto, na kwamba kila siku alilipulizia lisije likazima.

Chanzo kilikuwa kaburi.

Mtoto wake wa kwanza, Lusungu, alikufa kwa homa akiwa hajaanza hata shule. Walimzika kwenye migomba nyuma ya nyumba ya baba yao, kama ilivyo desturi ya kwao. Saruji hawakuwa nayo, wala msalaba. Isakwisa alishuka mpaka mto Kiwira, akachagua jiwe jeusi, bapa kama sinia, akalipandisha mlima begani na kuliweka kichwani pa mtoto. Kisha yeye na mkewe Marita wakahamia kambi ya chai kufanya kazi ya kuchuma, maana shamba lilikuwa dogo na kaka mtu ndiye aliyeachiwa kulitunza.

Walikaa kambini miaka mingi. Waliporudi wakakuta parachichi za kisasa zimeingia, zile zinazokwenda Ulaya. Andrea, kaka yake, alikuwa amefyeka migomba yote ya nyuma ya nyumba na kupanda miparachichi kwa mistari iliyonyooka kama askari. Mahali pa kaburi palikuwa na mti, mti una samadi, na chini ya mti hapakuwa na jiwe.

"Kaburi gani?" Andrea aliuliza. "Mtoto tulimzika kule chini karibu na kisima. Majonzi yamekusahaulisha, mdogo wangu."

Isakwisa alipeleka shauri kwa baraza la kijiji. Andrea alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kukaa kiti cha mbele. Akashika Biblia mbele ya baraza akaapa kwamba pale hapajawahi kuzikwa mtu. Hellen, mkewe, alikuwa amekaa pembeni anaangalia vidole vya miguu yake. Waliochimba kaburi lile walikuwa wamekufa, na waliokuwa hai walikuwa wanamuuzia Andrea samadi. Baraza likasema ushahidi hakuna.

Siku hiyo hiyo, akipita nyuma ya jiko la kaka yake, Isakwisa akaliona jiwe. Lilikuwa mlangoni, limelowa maji, na kisu cha Hellen kilikuwa juu yake. Walikuwa wanalinolea.

"Jiwe ni jiwe," Andrea alimwambia. "Mto mzima umejaa mawe. Nenda ukasome jina lako juu yake kama lipo."

Tangu hapo hawakusalimiana. Wakikutana njiani, mmoja aliingia kwenye migomba ya watu mpaka mwenzake apite. Na Isakwisa akaanza kuomba.

Jibu la maombi lilikuja siku ya kliniki ya presha, hospitalini mjini Tukuyu.

Mvua ilikuwa inanyesha kama kawaida yake. Wazee wamebanana kwenye mabenchi na masweta yao. Isakwisa alikuwa ameongezewa vidonge, na muuguzi Agness, mama mnene mwenye sauti ya kukemea ng'ombe, alikuwa anamweleza.

"Baba, unanisikia? Hivi vidonge vyako havipatani na ndizi."

"Havipatani na nini?"

"Ndizi. Na parachichi. Na viazi, na maharage ukizidisha."

Isakwisa alimtazama kama mtu aliyeambiwa aache kuvuta pumzi. "Binti yangu, mimi Mnyakyusa. Ukiniondolea ndizi na viazi na parachichi, nile nini? Blanketi?"

Wazee waliokuwa mlangoni wakacheka. Mmoja akasema, "Blanketi nalo lina chumvi, atakukataza."

"Ule ugali, wali, kabichi," Agness alisema, hata hakutabasamu. "Ndizi moja ya kuonja sina ugomvi nayo. Ninachokataza ni kuifanya mlo. Kuna madini yanaitwa potasiamu, yamejaa kwenye vyakula hivyo. Mtu mwingine huyakojoa yakaisha. Vidonge vyako vinayazuia yasitoke. Yakijaa kwenye damu, misuli inalegea, miguu inakuwa mizito kama magogo, na moyo, baba, moyo unaweza kusimama. Na yale maji ya majivu ya maganda ya ndizi mnayoungia mboga badala ya chumvi, yaache kabisa. Yamejaa hayo hayo."

"Moyo unasimama," Isakwisa alirudia.

"Unasimama. Unaweza usisikie hata maumivu."

Hapo hapo, nje kwenye benchi, mtu alikohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, kirefu, cha mtu anayetafuta hewa. Isakwisa alikijua kama anavyojua sauti ya mlango wake. Akachungulia. Andrea alikuwa amekaa kwenye kona, miguu imevimba mpaka kandambili hazimwingii, mkononi kadi ya kliniki. Kadi yenye rangi ile ile kama ya Isakwisa.

Agness aliendelea kuzungumza. Alisema dawa za maumivu kama diklofenaki, zile zinazouzwa duka la dawa, asizimeze, kwa sababu zinabana figo na figo ndizo zinazotoa yale madini. Akasema tena kwamba kila mtu ana dawa zake, na asidhani ya mwenzake ni kama yake. Yote hayo aliyasema, na Isakwisa alitikisa kichwa kwa kila neno, lakini masikio yake yalikuwa yameziba. Alikuwa anaangalia ile miguu iliyovimba.

Kwake yeye presha ilikuwa presha, na kidonge cha presha kilikuwa kidonge cha presha. Kyimo watu waliazimana vidonge hivyo kama wanavyoazimana kiberiti.

Kabla ya mwisho wa wiki alikuwa amekaa sebuleni kwa Mchungaji Meshaki.

"Nimechoka kununa, Mchungaji. Kaka anaumwa. Nataka nimpelekee mkungu, tupatane."

Mchungaji Meshaki alikuwa kijana bado, na ugomvi wa ndugu wale ulikuwa umemkalia rohoni kama mfupa kooni. Alisimama akamkumbatia. Kule kwao mgonjwa hatembelewi mikono mitupu. Ndugu huja na mkungu begani, na kuukataa mkungu wa ndugu ni kumtangaza mchawi mbele ya watu. Isakwisa alilijua hilo. Alijua Andrea hawezi kukataa.

Asilolijua ni lile ambalo mchungaji alilisema baadaye.

"Mkungu peke yake hautoshi, baba. Mlinuniana hadharani, mpatane hadharani. Kila Jumapili baada ya ibada mtakula sahani moja, wewe na kaka yako, ndizi ulizoleta wewe. Wazee wetu ndivyo walivyopatanisha ndugu. Mikono miwili, sahani moja, kila mmoja aone mkono wa mwenzake unafika mdomoni."

Isakwisa akakubali, akaaga.

Njia nzima kurudi nyumbani alikuwa anapima. Ni kweli, sumu ile ile ingeingia tumboni mwake. Lakini yeye alikuwa na miguu mikavu, alikuwa analala chali, alikuwa anapanda mlima na mzigo. Andrea alikuwa analala amekaa, mito mitatu mgongoni. Upepo mmoja ukizipiga nyumba mbili, huanguka kwanza ile yenye nguzo mbovu.

"Tutakula," alijiambia. "Tutakula wote, tuone nani atatangulia."

Jumapili ya kwanza alibeba mkungu mkubwa kuliko yote shambani kwake. Pikipiki zilimpita barabarani, vijana wakamwita, "Mzee, panda, tutakufikisha!" Akakataa. Alitaka aonekane. Na watu walimwona. Wanawake waliotoka kanisani walisimama kando ya njia na kusema, "Ndaga, baba, ndaga fijo," wakimshukuru kana kwamba mkungu ule ulikuwa wao.

Hellen alizimenya ndizi mlangoni pa jiko. Kabla ya kuanza alikinoa kisu kwenye lile jiwe jeusi, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Isakwisa alikaa kwenye kigoda akasikiliza. Sauti ile ilimpa hamu ya kula.

Chakula kilikuja kwenye sahani moja pana. Ndizi zimepikwa na maharage, parachichi limekatwa pembeni. Isakwisa alionja, akajua mara moja.

"Shemeji, chumvi hii ni ya majivu?"

"Ndiyo, shemeji. Daktari kamkataza chumvi ya dukani, basi namchujia majivu ya maganda. Utamu si umebaki?"

"Umebaki," Isakwisa alisema. "Umebaki kabisa."

Mchungaji Meshaki alikuwa amekaa mbele yao na waumini wachache, anaangalia kama mtu anayeangalia harusi. Andrea alikula kwa pupa. Isakwisa alikuwa anamega vipande vidogo.

"Mbona unadonoa kama kuku mgonjwa?" Andrea alimwambia. "Ulinichukia kwa nguvu zote, basi nipende kwa nguvu hizo hizo. Kula!"

Watu wakacheka. Isakwisa akachukua tonge kubwa.

"Ugomvi wetu umeisha, eti, mdogo wangu?"

"Uko karibu kuisha, kaka."

Hivyo ndivyo Jumapili zilivyokuwa zinakwenda. Nyumbani kwake Isakwisa alikuwa anakula ugali na kabichi kama alivyoagizwa. Lakini Andrea, kwa kujionyesha kwamba naye ana moyo mwema, alianza kumwita hata siku za katikati, na mchungaji akasema ni kazi ya Roho. Ikawa Jumatano pia wanakula, na Ijumaa pia. Isakwisa hakukataa. Kila alipoitwa alibeba mkungu mwingine, na kila tonge alilomeza alilihesabu kuwa la kaka yake.

Mgongo ukaanza kumuuma. Alipita duka la dawa, akanunua diklofenaki, akazimeza asubuhi na jioni pamoja na vidonge vyake vya presha.

"Hivyo vya njano ni vya nini?" Marita aliuliza.

"Vya mgongo."

"Panda pikipiki, mgongo upone. Halafu nikuulize jambo, baba Lusungu. Nikipika ndizi hapa unasema umekatazwa. Kwa Andrea unafuta sahani. Ndizi za huko zimebarikiwa?"

"Ni adabu tu."

Marita alimjua. Alikuwa ameishi naye kambini, wamechuma chai pamoja kwenye baridi, wamemzika mtoto pamoja. "Wewe adabu na Andrea," alisema, "mlikutana wapi?"

Isakwisa akatoka nje. Jambo lililokuwa linamtesa halikuwa swali la mkewe. Lilikuwa ni kwamba Andrea alikuwa anapona.

Mwanzo alidhani ni macho yake. Lakini uvimbe wa miguu ulikuwa unashuka, Jumapili hii kandambili, Jumapili ijayo viatu vya kufunga kamba. Kikohozi kilikata. Siku moja alimkuta juu ya ngazi anachuma parachichi, anaimba. Isakwisa alisimama chini, mkungu begani, na akahisi miguu yake mwenyewe inatetemeka.

"Ugonile, mdogo wangu!" Andrea alimsalimu kutoka juu. "Mbona umekuwa mweusi kama sufuria? Unalala wewe?"

"Nalala."

"Kula vizuri! Nyie mliokaa kambini mmezoea makombo."

Isakwisa aliuma meno. Akajiambia mzizi mnene hukatika mwishoni. Jumapili iliyofuata akabeba mkungu mkubwa zaidi.

Siku hiyo alipanda mlima kama anavuta miguu ya mtu mwingine. Ndani ya kanisa hakusikia mahubiri. Mikono ilikuwa inamchomachoma kama iliyolaliwa. Walipokaa kwenye sahani, alitazama ndizi zinavyofuka moshi, akamtazama kaka yake, mashavu yamejaa, jicho linang'aa, na kwa mara ya kwanza akapata hofu.

"Kaka," alisema, "wewe hospitali hawakukukataza kitu?"

"Chumvi tu."

"Ndizi je?"

"Ndizi?" Andrea alicheka mpaka maharage yakamruka. "Siku ile tulipokutana kliniki walinibadilishia dawa. Zile za zamani ndizo zilizokuwa zinanikohoza. Wakanipa vidonge vya kukojoa. Nakojoa kama ng'ombe! Yule Agness akaniambia, 'Baba, dawa hii inakumaliza madini mwilini, ongeza ndizi, ongeza parachichi.' Nikajiuliza, mimi nimepanda miparachichi tupu, ndizi nitatoa wapi za kila siku? Kesho yake mchungaji anakuja kuniambia unaniletea mkungu." Akampiga begani. "Mungu anakutumia wewe, mdogo wangu. Umeniponya."

Isakwisa alitaka kusimama. Akaiamuru miguu, miguu ikakataa. Akataka kuongea, ulimi ukawa mzito. Kitu cha mwisho alichokiona ni sahani inapanda kuja usoni kwake, na parachichi lilikuwa limekatwa vizuri sana.

Andrea ndiye aliyembeba. Watu wote walisema hivyo baadaye. Pikipiki hazikuweza kupanda kwa utelezi, na Andrea, ambaye miezi michache nyuma hakuweza kufunga kamba za viatu, alimtupa mdogo wake mgongoni na kushuka naye mpaka barabara ya lami.

Hospitalini walimchoma sindano ya kuulinda moyo, wakampa na dawa nyingine za kuyashusha yale madini. Moyo wake, daktari alisema, ulikuwa unapiga kama mtu anayesinzia. Agness alikuja amefura.

"Si nilimwambia? Nilimwambia mbele ya watu asigeuze ndizi kuwa mlo! Amekula nini huyu?"

"Ndizi," Marita alisema. "Na vidonge vya njano vya mgongo."

"Na diklofenaki juu yake! Alikuwa anataka kujiua?"

Andrea alikuwa amesimama mlangoni, matope mpaka magotini. Alisikia kila neno. Alikuwa mtu mwenye akili, hata adui zake hawakumnyima hilo. Isakwisa, akiwa amelala, alimwona kaka yake anaunganisha mambo, moja baada ya jingine, mpaka uso wake ukakunjamana.

Siku iliyofuata Andrea alirudi peke yake na kukaa kwenye kitanda.

"Ulidhani dawa zetu ni moja," alisema taratibu.

Isakwisa akageuzia uso ukutani.

"Ulikuwa unaniua, Isakwisa. Kwa mkono wa mke wangu, mbele ya mchungaji wangu."

"Ulipanda mti juu ya mtoto wangu."

Andrea aliangalia dirishani. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anakoroma. "Miti ile inazaa sana," alisema mwishowe. "Nilipoanza kuchimba sikuwa na nia mbaya. Nilipofika pale, mstari ulikuwa umeshanyooka. Ningeacha pengo?"

"Kwa hiyo unajua alipo."

"Najua. Na sasa najua na lako. Basi tuwe watu wazima. Mimi nitanyamaza kuhusu ndizi. Ukisema kaburi tena, nitasema ndizi, na utafungwa, uzee wako uishie jela. Tumeelewana?"

Akamfunika vizuri blanketi kifuani, kama kaka mwema, akaondoka.

Isakwisa alilala pale akifikiri. Kaa lake la moto halikuwa limezimika. Ila alikuwa ameona kitu ambacho hakuwahi kukiona kwa miaka yote ile: Andrea alikuwa anaogopa. Hakuogopa kufa. Alikuwa anaogopa watu. Na silaha pekee iliyokuwa inamlinda ilikuwa siri ya Isakwisa mwenyewe. Ukiitoa siri hiyo hadharani, Andrea anabaki uchi.

Alipopata nguvu ya kutembea na fimbo, alikwenda kanisani. Ulipofika wakati wa shukrani, Mchungaji Meshaki alimwita mbele kwa furaha, maana alidhani mtu ametoka kaburini kuja kumshukuru Mungu.

"Nina neno moja," Isakwisa alisema. "Zile ndizi nilizokuwa nampelekea kaka yangu, mkinishangilia njiani, nilikuwa nampelekea afe."

Vichwa vyote viliinuka. Kisha mtu akasema, "Yesu wangu."

"Nilisikia kwamba ndizi na dawa za presha haviendi pamoja. Zangu ndizo zisizoenda. Zake zinaenda. Nilikosea mtu. Sikukosea nia."

Andrea alisimama kwenye kiti chake cha mbele. "Mmesikia wenyewe! Muuaji! Mshikeni!"

"Kwa nini, baba?" mchungaji aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyepigwa. "Kwa nini?"

"Muulizeni yeye. Mtu hawezi kubeba mikungu mlimani mpaka moyo usimame kwa ajili ya kaburi ambalo halipo. Mtoto wangu yuko chini ya miparachichi yake. Ameniambia mwenyewe hospitalini. Akatae sasa, mkono juu ya Biblia, kama alivyokataa mwanzo."

Biblia ilikuwa pale, juu ya meza. Macho yote yakaigeukia. Andrea aliitazama, akafungua mdomo, na kabla hajasema, Hellen alisimama upande wa wanawake.

"Asiishike," alisema. "Asirudie tena mbele yangu."

"Hellen, kaa chini."

"Sikai. Huyu alikuwa ananipikisha sumu, nami nikiunga majivu kwa mapenzi. Sijui nimlaani vipi, lakini nitamlaani nikifika nyumbani. Na wewe miaka yote umeninyamazisha nikiwa najua. Nimetumiwa na huyu, nimetumiwa na huyu. Basi." Akageukia watu. "Yule mtoto nilimwogesha mimi. Nilimvika mimi. Yuko chini ya mti wa pili kutoka jikoni kwangu. Na jiwe lake ninalinolea visu, na kila nikinoa, sipati usingizi."

"Hellen!"

"Hellen nini? Kula ndizi zako."

Nyuma ya kanisa mtu alicheka, akajiziba mdomo.

Wazee walikaa siku mbili kuamua. Wote wawili waliondolewa kwenye meza ya Bwana. Kuhusu Isakwisa waliamua kwamba hakuna nyumba Kyimo itakayopokea mkungu kutoka mkononi mwake, kwa mgonjwa, kwa msiba wala kwa harusi, mpaka wazee wenyewe watakapoona inafaa. Kwa mtu wa Rungwe hiyo ni adhabu nzito kuliko fimbo. Isakwisa aliipokea bila kuinua macho. Kuhusu Andrea waliamua kwamba mistari yote ya miparachichi nyuma ya nyumba ing'olewe, shina na mizizi. Na aing'oe mwenyewe, bila kibarua.

"Nina ugonjwa wa moyo," Andrea alisema.

"Tulikuona ukimbeba mtu mlima mzima," mzee mmoja alimjibu.

Asubuhi ya kazi kulikuwa na manyunyu. Isakwisa alikuja na Marita, akawekewa kigoda ukingoni mwa shamba, blanketi mabegani, kwenye mapaja bakuli la ugali na kabichi isiyo na chumvi ya aina yoyote. Chakula kilikuwa kibaya. Alikila taratibu, macho mbele.

Andrea alipiga shoka. Parachichi changa zilidondoka kila mti ulipotikisika, ngumu, za kijani, bado kidogo tu zifike wakati wa kuchumwa. Alipiga, akavuta pumzi, akapiga. Jasho lilimtoka kwenye baridi ile. Baada ya mti wa kwanza akaegemea mpini.

"Endelea, kaka," Isakwisa alimwambia. "Una nguvu. Nilikubebea mwenyewe, mgongoni kwangu."

Marita alimgusa bega anyamaze, lakini mkono wake haukuwa na nguvu sana.

Mti wa pili ulichukua muda. Andrea alichimbua mizizi kwa jembe, baadaye kwa mikono, kwa uangalifu, kama mtu anayeogopa kumgusa aliyelala. Watu waliokuja kutazama walivua kofia. Shimo lilipofukiwa na udongo kusawazishwa, Hellen alitoka jikoni analiburuta lile jiwe, akaliacha miguuni pa mumewe, akarudi ndani bila kumsemesha mtu.

Andrea aliinama akalinyanyua. Katikati lilikuwa limelika, limepata shimo la visu. Alisimama nalo kifuani, anaangalia udongo mtupu, huku na huku.

"Kichwa kilikuwa upande gani?" aliuliza.

Isakwisa alijua. Angeweza kuonyesha kwa kidole amefumba macho. Alimega kabichi, akatafuna, akameza.

"Si ulisema majonzi yananisahaulisha mimi?" alisema. "Kamuulize mkeo."

Na Andrea, mzee aliyezoea kiti cha mbele, akaondoka na jiwe mikononi mbele ya watu wote, kwenda kugonga mlango wa jiko lake mwenyewe.